Bando la mama linaenda wapi? Nyumba moja, laini kumi, na MB zinazoisha kabla ya mchana

Mama yangu anauza vitenge na duka lake lote lipo stetasi ya WhatsApp. Asubuhi saa mbili anajiunga bando la buku la masaa 24, MB mia nne na kitu hivi, anapiga picha mzigo anapandisha alafu anasubiri watu waulize bei. Mwezi uliopita hilo bando likaanza kuisha kabla ya saa sita mchana. Siku ya kwanza akanyamaza, siku ya pili akaongeza lingine, siku ya tatu akaja chumbani kwangu na simu mkononi, "Mwanangu hebu angalia, hawa watu wananiibia."

Nilikua tayari kukubaliana nae moja kwa moja, maana mtaani hiyo ndo lugha yetu wote, bando linaibiwa, bando linayeyuka, nimejiunga sijafanya chochote limeisha. Ila nikamuomba wiki moja nilifuatilie. Yani nilidhani nitamaliza kwa kuangalia simu ya mama tu, kumbe huwezi kujua bando la mtu mmoja linaenda wapi bila kujua anaishi na nani, nani anamtegemea, hela inaingiaje humo ndani na inatokaje. Nimeandika hapa nilichokielewa maana najua nyumba nyingi zina kesi hii hii na kila mtu anabaki kulalamika peke yake na simu yake.

Tuanze na kuhesabu. Kwetu Tabata tunaishi sita: mama, mimi, dada na watoto wake wawili, na mdogo wetu anaesoma chuo. Laini za simu zilizopo humo ndani ni tisa. Mama ana mbili, dada mbili, mdogo wetu mbili, mimi tatu, watoto hawana. Na ya kumi ipo Muheza kwa bibi ila kwa miaka mingi ilikua imesajiliwa kwa jina langu, hiyo ntaieleza. Sasa ukichukua nchi nzima ni hivyo hivyo. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na ukifika mwisho wa 2024 laini za simu zilizosajiliwa Tanzania zilishapita milioni 80. Kwahiyo laini ni nyingi kuliko watu, ukiwaweka na vichanga vilivyozaliwa leo. Mtu akisikia hivyo anasema basi kila Mtanzania ana simu, hapana, maana yake ni kwamba watu kama mimi tuna laini tatu na wapo wengine hawana hata moja, wanaazima ya jirani au wanasubiri mtoto atoke shule ndo apige. Laini sio mtu. Na kwa nyumba za kwetu simu nayo sio ya mtu mmoja vile, ina mwenyewe ndio, lakini inatumika na yeyote aliyekaa karibu.

Kwanini laini zote hizo? Mdogo wangu wa chuo aliniuliza hilo akacheka, yeye hakuwepo wakati ule. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka kumpigia mtu wa mtandao mwingine ilikua kama unapiga nje ya nchi. Sababu ni kwamba ukipiga kwenda mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine kwa kila dakika ili simu yako ipokelewe kule. Hiyo inaitwa gharama ya mwingiliano. Kabla ya Machi 2013 ilikua shilingi 112 kwa dakika, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wakaishusha mpaka 34.92, Januari 2018 ikawa 15.60, ikawa inashuka kila mwaka mpaka 2022 ikafika shilingi 2. Sasa jiulize ile 112 nani alikua anailipa mwisho wa siku kama sio mpigaji. Ndo maana tulikua tunatembea na laini ya kila mtandao, unachomoa unachomeka, betri unaifungua mara tano kwa siku, mpaka simu za laini mbili zilipojaa sokoni zikatuokoa. Na kubip nako kulitokea humohumo, unabip mara moja manake nimefika, mara mbili manake nipigie, kila familia ilikua na lugha yake.

Leo ile sababu imeisha kabisa lakini laini zimebaki. Tena toka Machi 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, ila kwetu hakuna aliyewahi kuhama hata mmoja, tunaongeza tu laini nyingine. Nimefikiria sana hili nadhani ni kwasababu kila laini imeshapata kazi yake. Ile ya kwanza ya mama ndo namba ambayo ndugu wote wa Tanga wanaijua na ndo hela za kikoba zinapitia hapo. Ya pili ni ya bando tu, alihamia huko sababu MB zilikua nyingi kidogo kwa buku ileile. Ya dada moja ina deni, alikopa salio akaikimbia, mpaka leo akiweka vocha inakatwa kwahiyo haiweki vocha. Laini ni kama visanduku, kila kimoja na shughuli yake.

Na humo ndani ya laini moja kuna huduma nne tofauti ambazo huwa tunaziita zote "simu" alafu tunachanganyikiwa. Kuna sauti, kuna meseji, kuna data, na kuna pesa. Kila moja ina njia yake na bei yake. Ukipiga simu ya kawaida hugusi MB hata moja, unakula dakika au salio. Ukipiga WhatsApp hugusi dakika, unakula MB. Ukibonyeza nyota utume hela, hiyo haihitaji bando wala dakika, ina ada yake pembeni. Dada yangu mpaka juzi alikua anaamini akiwa na dakika nyingi kwenye bando la mchanganyiko na video za YouTube zitacheza, na sio kwamba hajasoma, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kutukalisha chini akatueleza, tunajiunga tu.

Tofauti hii niliielewa vizuri ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu kwa pamoja. Intaneti ikafa au ikawa ya kuvuta mguu kwa siku kadhaa, huku kwetu na Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Mama duka lilifungwa manake stetasi haipandi. Lakini bibi yangu Muheza alipiga simu jioni kama kawaida yake, akasikika safi kabisa, na hela niliyomtumia kwa kubonyeza nyota ilifika. Yeye hakujua kama kuna tatizo popote duniani. Simu yake ni kitochi, inaongea na mnara na mitambo iliyopo humu humu nchini, haina shida na waya wa baharini. Sisi wengine tukitaka hata kumuona jirani wa nyumba ya tatu tunapita kwanza kwenye kompyuta zilizopo ng'ambo.

Huyo bibi ndo upande wa pili wa matumizi ya simu kwenye familia, upande ambao hauhusiani na bando kabisa. Kwake simu ni vitu viwili, sauti za watoto wake na hela. Nikimtumia elfu kumi hawezi kupata elfu kumi mpaka niweke na ya kutolea, manake kutuma kuna ada na kutoa kwa wakala kuna ada, kwahiyo ukiwa na mzee kijijini unalipia hela ileile mara mbili. Ile tozo ya miamala, yani makato ya serikali kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu, ilipoanza tarehe 15 Julai 2021 tuliumia kweli, nilikua namtumia kidogo kidogo kila wiki nikaacha nikawa natuma mara moja kwa mwezi, alafu katikati ya mwezi bibi anaishiwa sukari na anaona aibu kuomba. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikaendelea kupunguzwa, mpaka 2023 ikafutwa kwenye kutuma. Ila nataka watu waone kitu, ada ya simu ikipanda mjini tunapunguza video, kijijini inabadilisha siku ambayo mtu anakula.

Na ile laini yake kusajiliwa kwa jina langu. Usajili wa alama za vidole ulipokuja ulitaka namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, mwisho ukawekwa Desemba 31 2019 ukasogezwa mpaka Januari 20 2020, na bibi namba yake ya NIDA ilikua haijatoka. Nikasajili kwa dole gumba langu ili asizimiwe. Familia kibao zilifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Sasa shida inakuja baadae, bibi akisahau namba ya siri lazima mimi niwepo, simu ikiibiwa lazima mimi nikarudishe laini, na hela iliyopo mule kisheria ni kama yangu. Ningekufa mimi kwanza ingekuaje? Mwaka jana nikaenda Muheza tukalibadilisha jina, nusu saa tu. Ukibonyeza *106# utaona laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, fanya leo, unaweza kukuta usiyoijua. Na mzee wako mwambie zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" asizijibu, mwambie azipeleke 15040 au akupigie wewe kwanza. Bibi yangu alishapata tatu, moja ilimkuta siku ambayo kweli alikua anasubiri kumtumia mtu hela ya mbolea, alinusurika sababu simu iliisha chaji.

Haya turudi kwenye buku ya mama.

Watu wenye kipato cha mwezi huwa wanawashangaa watu wa bando la siku, mbona ukipiga hesabu la mwezi ni nafuu, kwanini unajiumiza. Ingia jikoni kwetu utapata jibu. Mafuta ya kula tunanunua ya kupima, sukari robo, mkaa kwa kopo, sabuni kipande. Sio kwamba hatujui kuwa dumu la lita tano lina nafuu, tunajua sana, ila hela ya mama inaingia kitenge kimoja kimoja, asubuhi hii ana elfu nane na humo kuna nauli, kuna mchele, kuna kikoba. Akitoa elfu thelathini ya bando la mwezi leo basi leo hatuli. Kwahiyo intaneti nayo tunainunua ya kupima. Na kila kitu cha kupima kipimo chake ni ghali ukilinganisha na dumu, ndo ilivyo.

Ni ghali kiasi gani? Mwaka 2021 TCRA waliweka bei elekezi ya data, chini kabisa shilingi 2.03 kwa MB na juu kabisa 9.35. Zidisha hiyo kwa MB 1,024 ambazo ndo GB moja. Bei ya chini GB inakua kama shilingi 2,080, bei ya juu inakua kama 9,570. GB ileile! Ndo maana kutumia intaneti kwa salio bila kujiunga inaweza kumaliza vocha yako wakati hujafungua hata picha kumi. Na ndo maana bei ya bando ikiguswa kidogo nchi nzima inasikia, tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza watu waliamka wakakuta buku yao inanunua kiduchu, kelele zikapigwa mpaka zile bei zikasitishwa. Ushauri wangu mmoja wa bure, ukifungua menyu ya vifurushi usiangalie bei, gawanya bei kwa MB, alafu angalia na masaa. Bando lina vitu viwili vinavyokufa kwa wakati tofauti, MB na muda. Ukinunua MB nyingi za masaa 24 ukatumia nusu, nusu nyingine inakufa saa ile ile kesho.

Sasa MB zenyewe zinaliwaje. Maandishi hayali kitu, unaweza kuchati WhatsApp siku nzima usimalize MB chache. Sauti ya WhatsApp ni chini ya MB moja kwa dakika, sio mbaya. Ukiwasha video kwenye simu hiyo hiyo unaruka kwenda MB kadhaa kwa dakika, ongea na shemeji aliyepo Oman nusu saa uso kwa uso unashangaa. Na video za kuangalia ndo baba lao, saa moja ya YouTube kwa ubora wa kati, ile 480, ni kama MB 500 hivi, ukiiacha ijipeleke 1080 inapita GB moja na nusu. TikTok ni mbaya kwa namna nyingine, wakati unaangalia hii video yeye anashusha inayofuata ili ukipandisha kidole usisubiri, kwahiyo hata zile ulizoziruka umeshazilipia.

Hapa ndo ule msemo wa "4G inakula bando" unapotokea. MB ni MB, kilo ya mchele haibadiliki kwa kubebwa na bajaji au Fuso. Ila video nyingi siku hizi zinapima zenyewe kasi ya mtandao wako, ukiwa na 3G ya kukwama inakuletea picha ya ukungu nyepesi, ukipata 4G nzuri inakuletea picha kali nzito bila kukuuliza. Umeangalia dakika zilezile, umekula mara tatu. Aliyesema simu mpya inamaliza bando hakukosea, ila mwizi sio simu, ni ubora. Ukiweka ubora mwenyewe kwenye setingi za YouTube unaona tofauti siku hiyohiyo.

Nikaichukua simu ya mama sasa. Yupo kwenye magrupu kumi na moja, kikoba, ukoo wa baba, ukoo wa mama, wazazi wa darasa, kwaya, majirani, na kila alfajiri kuna watu wanatuma video za asubuhi njema zenye maua na muziki. Simu ilikua inazishusha zote yenyewe hata asizozifungua. Nikaingia setingi za WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, nikazima kujishusha kwa picha, sauti na video akiwa kwenye bando. Kesho yake bando likafika saa saba. Mama akafurahi, mi sikuridhika, maana ule ujumbe wa kwamba umetumia asilimia 75, ambao kwa kanuni za TCRA mtandao lazima ukutumie bando likifika hapo na likiisha kabisa, bado ulikua unaingia asubuhi saa tano. Mtu anaepandisha picha kumi hawezi kufika huko.

Kwenye Android kuna sehemu inaonyesha data imeliwa na nani, programu moja moja. Nikaifungua nikiwa nategemea kukuta WhatsApp juu kabisa. WhatsApp ilikua ya pili. Ya kwanza, imekula zaidi ya nusu, ilikua hotspoti, yani simu ya mama inagawia bando kifaa kingine.

Nikamuita mtoto wa kwanza wa dada, ana miaka tisa. Baba yake alimletea tableti ya mtumba, haina laini, na neno la siri la hotspoti ya bibi yake, yani mama yangu, analijua vizuri kuliko mwenye simu. Nikamuuliza unaangalia nini asubuhi. Akasema "Mjomba, katuni kidogo tu kabla ya shule." Dada akataka kumchapa palepale, nikamwambia subiri kwanza, tukaikagua ile tableti kwa pamoja.

Mtoto alikua anasema kweli! Katuni zilikua kidogo kabisa. Kilichokula ni tableti yenyewe. Ilikua ikiona hotspoti ya mama inadhani imefika kwenye waifai, na kifaa kikiona waifai kinaamini kipo kwenye nyumba yenye intaneti isiyoisha, kinafungua milango yote. Kinaapdeti programu, kinashusha matoleo mapya ya mfumo, kinapandisha bakapu za picha. Na hiyo tableti ilikua na picha za baba mtu mamia kwa mamia, kila asubuhi inapoungwa inajaribu kuzipeleka zote mawinguni, inafika njiani bando linakata, kesho inaendelea ilipoishia. Nikapiga hesabu ya siku ilipoletwa, ni wiki ileile mama alipoanza kuibiwa.

Hivi vifaa vimetengenezwa na watu ambao kwao nyumba ina ruta, ruta ina malipo ya mwezi, na waifai maana yake ni bure. Kwetu sisi hotspoti ndo waifai ya nyumba, na inatoka kwenye buku ya mtu mmoja. Hakuna aliyefanya kosa humo ndani, sio mtoto, sio mama, ni dhana mbili za nyumba zimegongana. Kuna simu zinazotambua zenyewe kwamba hii ni hotspoti ya simu zikajizuia, ila usitegemee, za mtumba na za bei nafuu nyingi zinabidi uziambie. Kwenye kile kifaa kinachopokea, sio kinachotoa, unaingia kwenye waifai, unagusa jina la hotspoti, unatafuta sehemu ya matumizi ya kupimwa unaiambia ichukulie mtandao huu kuwa ni wa kupimwa. Yani neno letu lilelile la mafuta. Alafu unaingia Play Store unazima apdeti za kujiendesha, unazima bakapu ya picha. Dakika tano. Sisi tulifanya kwa vifaa vyote vya nyumba, hata laptopu ya mdogo wetu, ambayo nayo Windows yake ilikua inasubiri hotspoti yangu kwa hamu zote.

Baada ya hapo ndo dada akaleta hoja, si tuweke waifai ya mwezi tuachane na haya. Nikachukua karatasi. Mama buku kwa siku ni elfu thelathini kwa mwezi, dada nae hivyo hivyo, mdogo wetu mia tano kwa siku ni kumi na tano, na mimi bando la elfu tano la wiki ni elfu ishirini. Jumla elfu tisini na tano. Tulikaa kimya wote, nyumba ambayo hakuna mtu anaeona kama analipia intaneti kwa mwezi, inalipa elfu tisini na tano. Hiyo ipo kwenye uwanja mmoja na bei za waifai za majumbani.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Waifai inalipwa kwa mkupuo, tarehe moja, na kwetu hakuna mtu mwenye hiyo hela kwa tarehe moja, ingekua mchango, na mchango wa LUKU wenyewe tunagombana. Alafu waifai inakaa nyumbani, mama akienda Kariakoo kufuata mzigo bado anahitaji bando njiani, mdogo wetu anashinda chuo. Ungejikuta unalipa vyote viwili. Na ukifika dukani utaambiwa kasi ya 20, watu wanadhani ni MB 20 kwa sekunde, hapana, ni megabiti, gawanya kwa nane, unapata MB mbili na nusu. Inatosha sana kwa nyumba, ila ujue unachonunua. Uliza pia lile neno la bila kikomo lina kikomo gani, maana vifurushi vingine ukifika kiasi fulani intaneti haikatiki ila inapunguzwa kasi mpaka inakua ya kusukuma, na ruta za laini zinategemea mnara uleule ambao mtaa mzima unautumia saa mbili usiku. Kama una faiba, yani intaneti ya waya, inayopita mtaani kwenu na watu wazima watatu wanaofanya kazi nyumbani, weka, utafaidi. Kwetu tumekubaliana kusubiri mpaka mdogo wetu amalize chuo.

Mama hakumnyang'anya mjukuu tableti. Amemwekea utaratibu, hotspoti inawashwa jioni akishamaliza wateja, nusu saa, na anakaa nae pembeni anaangalia hizo katuni, sasa hivi anazijua majina. Mimi nimebaki na kazi ya kuuliza kila siku ule ujumbe umeingia saa ngapi. Juzi uliingia saa kumi na moja jioni. Jana umeingia saa tatu usiku, mama akaja mlangoni kwangu kunionyesha, tayari amevaa khanga ya kulalia.